Kura yako ni ya klipu au ya mshikaji?

Maswali ya wasomaji, ukurasa wa gemu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja zinafanana, zote za kura. Nani kapandishwa, nani kashushwa, nani kabebwa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana hata mimi jambo hili limenikaa rohoni miaka mingi.

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni admini wa grupu la PUBG Mobile hapa Mwanza, tuko watu mia sita na ushee, wengine wako Bukoba, Kigoma mpaka Bujumbura. Kila Ijumaa tuna shindano la klipu bora ya wiki, watu wanaweka emoji ya moto, mwenye mioto mingi anapata bando la GB 5 ambalo maadmini tunachangishana. Sasa miezi mitatu hii mshindi ni yule yule au mtu wake wa karibu, ana washikaji kama sabini hivi, akiposti tu ndani ya dakika mbili mioto ishafika thelathini, na klipu yenyewe ina dakika tatu! Wiki iliyopita kuna dogo wa Kigoma kaposti saa saba usiku, kabaki peke yake na watu wanne, helmeti hana, kawamaliza wote na wa mwisho kampiga na kikaango. Kapata mioto minne. Juzi nikaona katoka kwenye grupu bila kuaga. Imeniuma sana. Tufanyeje kura iwe ya haki? – Admini, Mwanza

JIBU: Mdogo wangu, jibu lako nusu umeliandika mwenyewe. Klipu dakika tatu, mioto thelathini ndani ya dakika mbili. Hao hawajapiga kura, wamemsalimia mtu wao. Na kusalimiana sio dhambi, washikaji ni washikaji, ila salamu haiwezi kugawa bando. Kwa hiyo usianze kwa kuwafokea wale sabini wala kuwaita machawa, wengi wao hata hawajui kama wanafanya kosa, wameona jina la mtu wao wamebonyeza, basi. Anza kwa kulitoa jina.

Kumbuka mtihani wa kidato cha nne. Pale juu ya karatasi huandiki jina lako, unaandika namba. Anayesahihisha hajui kama wewe ni mtoto wa mwalimu mkuu au wa muuza dagaa, anaona namba na majibu. Sasa fanya hivyo hivyo kwenye klipu. Watu wasiposti wenyewe kwenye grupu, wakutumie wewe inbox mpaka Alhamisi jioni, unaikata ile sehemu ya skrini inayoonyesha majina (PUBG inaandika nani kamuua nani pale pembeni, usisahau pale!), unaipa namba, afu Ijumaa unaziweka zote kwa wakati mmoja. Hapo hata yule wa saa saba usiku anakuwa sawa na wa saa mbili usiku, kwa sababu muda wa kuposti haupo tena.

Hili sijalibuni mimi. Mwaka 2013 Valve, wenye gemu la Counter-Strike: Global Offensive, walianzisha mfumo walioupa jina Overwatch, ambapo wachezaji wazoefu walikuwa wanapewa rikodi ya raundi kadhaa za mtu aliyeripotiwa kwamba anachiti na wao ndo wanaamua. Jina lake lilikuwa limefichwa, anaitwa tu mshukiwa. Na swali halikuwa "unampenda?" wala "anakukera?", lilikuwa kuhusu kosa moja moja, je ametumia programu ya kulengea, je ametumia ya kuona kupitia ukuta, na unachagua kama ushahidi uko wazi bila shaka au hautoshi. Hapo kuna mambo mawili ya kuchukua, jina limefichwa, na swali limenyooshwa. La pili watu wanalisahau sana. Ukiuliza "ipi kali?" kila mtu atajibu la kwake, mmoja anapenda muziki uliowekwa, mwingine anapenda bunduki ya dhahabu. Uliza vitu vinavyoonekana: alikuwa kwenye hali ngumu kiasi gani, uamuzi wake ulikuwa mzuri, kuna kitu cha kujifunza humo? Alama moja mpaka tano kila swali. Dogo wa Kigoma na kikaango chake hapo angewashinda wengi.

Halafu ficha hesabu. Hii naisisitiza kuliko zote maana nimeona inavyoharibu. Mtu akikuta posti ina mioto thelathini anaingia akiwa ameshaamini kwamba ni kali, akikuta ina miwili anaingia akitafuta kosa. Watafiti Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walilipima jambo hili na kulichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2013. Walichukua maoni zaidi ya 101,000 kwenye tovuti moja ya habari, mengine wakayapa kura moja ya juu ya kubandika tu, bila kuangalia yameandikwa nini. Kura moja! Basi mtu wa kwanza kuyaona akawa na uwezekano wa 32% zaidi wa kuyapandisha, na mpaka mwisho alama zake zikawa juu kwa wastani wa 25% kuliko yale ambayo hayakuguswa. Walipobandika kura ya chini, wasomaji walikuja kuirekebisha, lakini ile ya juu haikurekebishwa, ilizidi kuvimba. Sasa fikiria, kama kura moja ya uongo inafanya hivyo, mioto thelathini ya dakika mbili za kwanza inafanya nini kwa wale mia tano wengine ambao sio washikaji wa mtu yeyote? Wanakokotwa nao bila kujua. Kwa hiyo tumia fomu ya mtandaoni badala ya emoji, matokeo yatoke Jumamosi yote kwa pamoja.

Kuna na hili la kuonwa. Mioto minne ya yule dogo, je waliofungua klipu yake walikuwa wangapi? Kama walikuwa watano na wanne wameipenda, ile klipu imefaulu kuliko ya yule jamaa wenu. Reddit, mtandao wa majadiliano ambapo watu wanapandisha na kushusha posti na maoni kwa kura, walikutana na shida hii kwenye maoni, na mwaka 2009 wakaleta mpangilio unaotumia hesabu ya mwanatakwimu Edwin Wilson ya mwaka 1927, ambao hauangalii tu kura ngapi, unaangalia uwiano wa juu na chini na pia kama kura zimetosha kuaminika. Kwa hiyo oni lenye kura 10 za juu na moja ya chini linaweza kukaa juu ya lenye 40 za juu na 20 za chini, na lenye kura moja tu bado linasubiri kwanza. Nyie hamhitaji hesabu za namna hiyo, mna njia rahisi zaidi, hakikisheni kila klipu inaonwa na watu idadi sawa. Tuseme mna klipu 20 kwa wiki na kila moja mnataka ionwe na watu 9. Hiyo ni mara 180. Ukimpa kila mwamuzi klipu 3 tu, unahitaji waamuzi 60, na kati ya mia sita na kitu kuwapata kwa bahati nasibu sio kazi. Dakika kumi za mtu, hata anayesubiri daladala anaweza. Mwenye klipu wiki hiyo asiwe mwamuzi, na nyie maadmini msishindane kabisa hata kama mna klipu nzuri kiasi gani, hapo msijitetee.

Watu watalalamika kwamba raha ya mioto imeondoka. Waachieni mioto, iendelee kwenye posti za kawaida, watu washangilie wanavyotaka, ila bando liende na fomu. Tenganisheni tu.

Na mtafute yule dogo. Mwandikie mwenyewe kama admini, mwambie klipu uliiona na uliiangalia mpaka mwisho, mtajie hata kile kikaango ajue kweli umeangalia. Usimwahidi ushindi, mwambie tu utaratibu umebadilika na klipu yake inaweza kuingia tena Alhamisi.

SWALI: Assalam aleykum dadangu. Mie niko Mombasa, nacheza Genshin Impact kwa simu. Niliuliza swali kwenye mahala fulani pa maswali ya gemu, niliuliza tu mbona lakwama nikiingia vitani, haikupita saa nimeshushwa kura nne na hakuna hata mmoja alonambia nimekosa wapi. Niliona haya nikaifuta. Je watu hawa huwa wachukia wageni ama ni mimi sijui kuuliza? – Bint wa Kisauni

JIBU: Waaleykum salaam bint. Pole, ile namba yenye alama ya kutoa mbele yake inauma, hasa ukiwa mgeni, na wanaobonyeza wanasahau kwamba upande wa pili kuna mtu ameshika simu anaiangalia ikishuka.

Kushusha posti kuna kazi yake, sitaki kudanganya. Majibu ya uongo yakiachwa juu, mtu atafuata akapoteza akaunti yake. Lakini kushusha maana yake iwe "hii haimsaidii anayesoma", isiwe "sikupendi" wala "mbona hili nalijua tangu zamani". Kila mtu kuna siku hakulijua. Kuna sehemu wamejaribu kumfanya mtu afikiri kabla hajabonyeza, mfano Arqade, sehemu ya magemu iliyoanza 2010 ndani ya Stack Exchange, mtandao wa tovuti za maswali na majibu. Pale huwezi kupandisha mpaka ufikishe alama 15, na kushusha mpaka 125, yaani uwe umeshakaa, umeshasaidia watu, unajua mambo yanavyoenda. Jibu lako likipandishwa unapata 10, likishushwa unapoteza 2, na aliyelishusha naye anakatwa 1 ya kwake. Napenda sana hiyo ya kukatwa. Ukitaka kumshusha mwenzio ulipie kidogo, hapo utasoma jibu lote kwanza. Bahati mbaya kwenye maswali haikatwi, kwa hiyo muulizaji ana ulinzi mdogo kuliko mwenye jibu, na muulizaji mara nyingi ndo mgeni.

Sasa upande wako. "Mbona lakwama" hata mimi nisingeweza kukujibu bint yangu, na wale wanne pengine waliona hivyo hivyo ila wakawa wavivu wa kuandika mstari mmoja. Andika upya: simu gani, RAM ngapi, umeweka ubora wa picha wa juu au wa chini, seva gani umechagua, ping (muda ambao data inachukua kwenda seva na kurudi) inasoma ngapi ukiwa vitani, inakwama ukitumia waifai ya nyumbani au bando, na ushajaribu nini. Seva nyingi za magemu ziko Ulaya, Asia au Marekani, kutoka Mombasa ni mbali, kwa hiyo lazima tujue kama kinachokwama ni simu au ni mtandao, hivyo ni vitu viwili tofauti. Na siku nyingine usifute, hariri. Pale Arqade mtu akishapiga kura, baada ya dakika chache kura inafungwa, ila ukihariri posti inafunguka na aliyekushusha anaweza kurudi kuitoa. Ukifuta humpi nafasi hiyo.

Niseme na langu. Miaka ya nyuma kwenye grupu moja la gemu nilikuwa natumia jina la kike, niliandika maelezo marefu ya jinsi ya kupunguza moto wa simu wakati unacheza, nikapata vicheko na watu wanauliza kama niko singo. Baada ya wiki mbili kaka mmoja akaandika maelezo yale yale karibu neno kwa neno, akapandishwa mpaka juu kabisa, watu wanamuita mwamba. Sikulia, ila niliacha kuandika pale karibu mwaka mzima, na najua wadada wengi wameacha vile vile na hamna aliyewahesabu. Ndo maana nikisikia mtu anasema kura ni kitu kidogo, napinga.

SWALI: Dada, mi niko Dar. Mwaka 2024 nilikuwa mmoja wa walioliandikia gemu la Helldivers 2 rivyu mbaya kule Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta. Rafiki yangu anasema tulifanya ujinga, kwamba gemu lilikuwa zuri na tuliwaonea waliolitengeneza. Mi naona tulikuwa sahihi. Nani yuko sawa? – Mchezaji wa Sinza

JIBU: Kwa wasioijua habari hii, Helldivers 2 lilitoka Februari 2024, limetengenezwa na Arrowhead wa Sweden na kuuzwa na Sony, na watu walilipenda kwelikweli. Mwanzoni mwa Mei Sony wakatangaza kwamba wanaocheza kwenye kompyuta kupitia Steam lazima waunganishe na akaunti ya PlayStation Network (PSN), huduma ya mtandaoni ya Sony wenyewe. Sasa PSN haina huduma rasmi kwenye nchi nyingi sana, Tanzania na Kenya zikiwemo. Yaani mtu wa Sinza kanunua kwa hela yake, kacheza miezi mitatu, afu anaambiwa ajiunge na huduma ambayo nchi yake haimo kwenye orodha. Ndani ya siku chache rivyu mbaya zikapita 200,000, gemu likaondolewa sokoni Steam kwenye nchi zaidi ya 170, na tarehe 6 Mei Sony wakatangaza kwamba sharti lile halitatekelezwa tena.

Mi naona ulikuwa sahihi, na sababu sio kwamba mlikuwa wengi. Ulikuwa na gemu, ulilicheza, na ulichokilalamikia kilihusu moja kwa moja kama mtu mwingine akinunua ataweza kucheza. Rivyu ya Steam inauliza unalipendekeza au hulipendekezi, sasa kwa mtu wa Dar siku ile jibu la kweli lilikuwa lipi?

Linganisha na Firewatch, Septemba 2017. Mtangazaji wa magemu PewDiePie alitamka tusi la kibaguzi akiwa laivu, watengenezaji wa Firewatch, Campo Santo, wakadai video yake ya gemu lao iondolewe YouTube, basi mashabiki wake wakaenda Steam kulimwagia gemu rivyu mbaya. Gemu halikuwa limebadilika hata kidogo. Anayetaka kujua kama Firewatch ni zuri hakupata jibu pale, alipata ugomvi wa watu. Machi 2019 Valve, ambao ndo wenye Steam, wakatangaza kwamba mafuriko ya namna hiyo, yasiyohusu gemu lenyewe, yakigundulika hayataingizwa kwenye alama ya jumla, ingawa rivyu zenyewe zinabaki mtu akitaka kuzisoma. Mi nawaunga mkono kwa hilo.

Ila rafiki yako ana nusu ya haki, na nusu hiyo inakuhusu wewe. Sony waliporudi nyuma, ulirudi kubadilisha rivyu yako? Steam inaruhusu kuhariri wakati wowote. Wengi walirudi. Kama ya kwako bado inasema kitu ambacho kimeshafutwa, inawaonea Arrowhead mpaka leo. Na kama kwa nchi yako bado kuna shida ya kulinunua, andika hivyo hivyo kwa maneno, usiache kidole cha chini peke yake.

Na wale mnaopenda kutaja ile ya kampuni ya magemu ya EA ya Novemba 2017, nakubali, jibu lao Reddit kuhusu kufungua mashujaa kama Darth Vader kwenye Star Wars Battlefront II liliwakera watu kwa haki. Mtu kanunua gemu bei kamili, anaambiwa mashujaa wamefungwa ili akiwafungua ajisikie fahari! Guinness waliliandika kuwa ndilo oni lililoshushwa zaidi Reddit, kura 683,000. EA walipunguza bei ya mashujaa kwa 75%. Lakini waliosaidia zaidi kwa maoni yangu ni wale wachezaji waliokaa wakapiga hesabu kwamba kumfungua Vader mmoja ingechukua kama saa 40 za kucheza, wakaiweka wazi kila mtu aione. Kampuni inaweza kuisubiri hasira ipoe, ila ile hesabu ya saa 40 hawakuwa na jibu nayo. Kura yako ikiwa na sababu iliyoandikwa inakaa muda mrefu.

SWALI: Niaje sis. Nikipost kitu Reddit kwa community ya gemu yangu, ni vibaya kuwatumia link maboyz wangu WhatsApp wanipigie upvote? Si ni marafiki tu? – Wa Umoja, Nairobi

JIBU: Ni vibaya, na inakatazwa. Reddit wanaiita kuchezea kura, na wanaweza kukufungia akaunti, wewe pamoja na hao maboyz. Stack Exchange wana programu inayonusa kura za mfululizo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine na kuzifuta zote, asubuhi unaamka alama zimeondoka. Kuna mtu anadhani akifungua akaunti tatu zake mwenyewe ni salama zaidi, hapana, hiyo ni mbaya zaidi.

Kuwaonyesha kazi yako haina shida, ni marafiki zako, nani mwingine utamwonyesha? Shida ni ile sentensi ya "nipigieni". Watumie klipu yenyewe au picha hapo hapo WhatsApp wakwambie ukweli, mara nyingi marafiki ndo watakuambia sauti haisikiki au mwanzo unachosha, rekebisha afu ndo uposti. Na kama tayari ulishawaomba wiki hii, waambie watoe, ni rahisi, unabonyeza ule mshale mara ya pili na kura inaondoka. Uone posti yako imebaki na ngapi.